Mwaka wa Vifungu Viwili

Tulimzika Profesa Mumbua kwao Makueni, nje kidogo ya Wote, siku yenye jua la kukaangia mayai juu ya hema. Watu walikuwa elfu kumi. Daktari Kinyua, aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ya chakula, anasema hawakufika mia sita, lakini Daktari Kinyua amekuwa mtu wa kupunguza tangu nimjue. Nilikuwa sijamwona miaka mingi. Nywele zimemhama, tumbo limehamia, ila macho ni yale yale, ya mtu anayesoma maandishi madogo chini ya mkataba. Aligeuka na sahani yake akaniuliza, "Mutinda, bado unatia chumvi?" Nikamwambia, "Kwenye chakula nimeacha, hospitali walinikataza. Kwenye maneno hakuna aliyenikataza." Alicheka kidogo, halafu akaacha, akatazama kule wanawake wa kanisa walikokuwa wakikunja viti. "Ile nyumba ya Migwani," akasema. "Mimi huiota." Nami huiota. Sikumwambia kwa sababu nilikuwa na mfupa wa mbuzi mdomoni, na mtu akishapita na sahani yake huwezi kumkimbiza umwambie kwamba nawe huota. Kwa hiyo naandika.

Katiba mpya ilikuwa imepita si muda mrefu. Ilikuwa imeshasema kwamba redio na televisheni ya serikali iwe huru kuamua itatangaza nini, na iwape nafasi watu wa maoni tofauti. Maneno matamu, lakini hayakuwa na miguu. Miguu ilikuwa itoke kwenye sheria, na sheria ilikuwa bado haijaandikwa. Basi kamati moja ya Nairobi ikawagawia wasomi wa sheria vipande vya rasimu, kila mmoja chake, na kipande kimoja kikawaangukia hawa wawili, walimu wa chuo kikuu. Profesa Mumbua akasema sheria ya redio ya wananchi haiandikwi kwenye ofisi yenye zulia. Wakakodi nyumba Migwani, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, wakawa wanakuja kila wikendi na kila chuo kilipofungwa. Mimi nikaajiriwa kupika, kufagia na kutafsiri. Kazi hiyo niliipata kwa kuwaambia kwamba najua lugha sita. Profesa akauliza ni zipi. Nikataja Kikamba, Kiswahili, na Kiingereza cha darasa la saba, na nilipofika ya nne nikaanza kutaja majina ya mito. "Huyu ataelewana na mawakili," Profesa akasema, na nikawasha jiko siku hiyo hiyo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu. Nikisema sebule ingeegesha ndege mbili, Daktari atakwambia meza iligusa kuta zote. Yote ni kweli, inategemea saa. Asubuhi kilikuwa chumba kidogo chenye watu wawili wanaotafuta miwani. Lakini mchana kinu kilipoanza kunguruma ng'ambo ya ukuta, vumbi la unga lilipenya dirishani likaelea kwenye mwanga, polepole, kama halijui linakwenda wapi, na chumba kikapanuka. Karatasi za rasimu zilikandamizwa kwa mawe ya mtoni upepo usizichukue. Redio ndogo ilikuwa dirishani ikiongea chini kwa chini, na sauti yake ikakutana na redio ya fundi wa cherehani jirani yetu, na ya kinyozi, na ya mwenye duka upande wa pili wa barabara, wote stesheni moja, hadi ukahisi ni Migwani yenyewe inayoongea usingizini. Mimi nilikaa mlangoni nikichagua mbaazi, na hata leo siwezi kuapa kwamba nilikuwa macho. Sentensi za sheria zilipita juu ya kichwa changu kama ndege wasio na haraka. Bodi itakuwa na. Shirika litahakikisha. Waziri hataweza. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akisema waziri hataweza, na hiyo niliipenda kuliko zote. Niliirudia nikisugua sufuria. Waziri hataweza, waziri hataweza, na masizi yakatoka yenyewe.

Jioni nilikwenda masomo ya watu wazima kwenye shule ya msingi, tukikunja magoti yetu ndani ya madawati ya watoto hadi yakafika masikioni. Nilikuwa nimeanza kwa utani, nikidhani nitajifunza kuandika barua ya kuomba kazi na kutoroka. Lakini sasa nilikuwa natoka kwenye nyumba ambamo watu wazima wawili waligombana kutwa nzima juu ya neno moja, wakila, wakinywa chai, wakilala mchana na kuamka bado wanagombana, na ubao wa mwalimu ukaanza kunionyesha vitu. Cheti nilichopata baadaye kimening'inia kwenye duka langu la misumari na mabati hapa Malili, na wateja huniuliza kama ni leseni. Nawaambia ni digrii. Ni kipande cha karatasi cha masomo ya jioni, lakini ukikitazama vizuri utaona unga.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya vifungu viwili. Profesa alitaka kifungu cha lugha: redio ya umma ilazimike kusema na watu wa kila mahali kwa lugha yao, ilete faida au isilete. Alikuwa amekibeba kifungu hicho tangu akiwa mwanafunzi. Mama yake, aliniambia siku moja akikata sukuma wiki, alikuwa na desturi ya kuketi wima mbele ya redio wakati wa habari na kusikiliza lugha asiyoijua hata neno, kwa heshima, kama anavyosikilizwa mgeni. Habari zikiisha alikuwa akiwauliza watoto, "Wamesema tuko salama?" Daktari naye alitaka kifungu cha mkubwa: yule anayeongoza redio ya umma asiteuliwe na waziri, wala asifutwe naye. Kamati ya Nairobi ilikuwa imewaambia wazi kwamba viwili havipiti. Walete kimoja, chenye wananchi nyuma yake. Wananchi waliochaguliwa kuulizwa walikuwa wa Nuu, kule ng'ambo ya Mwingi, kwa sababu kamati iliamini kwamba watu wa mbali husema ukweli.

"Redio ya umma isiyojua lugha ya mtu ni ya umma gani?" Profesa aliuliza, kijiko cha muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kikiwa nusu njia. Muthokoi wangu, na hili hata Daktari hapunguzi, ulikuwa laini kiasi kwamba mahindi yalikuwa yakikuomba radhi kabla ya kumezwa.

"Na ikijua lugha yake lakini waziri ameishika mkia?" Daktari akajibu. "Atadanganywa kwa Kikamba safi. Afadhali adanganywe kwa Kiingereza, angalau atashuku."

"Wewe umekulia Malili. Wazazi wako wamewauzia Wakamba mchele miaka yote hiyo, na Kikamba chako bado kinachechemea."

"Kinachechemea, Prof, lakini kinafika. Nisogezee hizo mbaazi."

"Mutinda," Profesa akanigeukia, "wewe uko upande gani?"

"Niko upande wa aliyenunua nyama."

"Nyama amenunua nani leo?"

"Leo hakuna nyama, Prof. Leo niko huru kama redio ya kwenye katiba."

Tulicheka hadi kinu kikazima. Lakini nilikuwa nimeshaona jinsi Profesa alivyokuwa akitazama zile karatasi zake watu wakinyamaza. Kwa Daktari kifungu kilikuwa hoja, hoja nzuri, ya kufa nayo mahakamani. Kwa Profesa kilikuwa mama yake ameketi wima.

Tulikwenda Nuu na gari la chuo, gari ambalo lilikuwa na umri wa Uhuru na lilitoa sauti ya ng'ombe kila kona. Mchungaji alikuwa amewatangazia watu Jumapili kwamba watakuja wageni kwa mambo ya redio. Tukakuta kanisa limejaa. Nilimwona Profesa anatabasamu, akidhani watu wamekuja na maoni. Nikasimama mbele, nikasafisha koo, nikauliza kwa Kikamba kilichonyooka: sheria ya redio ya umma mngependa iseme nini? Mwanamke mmoja mzee, Susu Kavata, tuliyekuja kumjua kama bibi ambaye hakuna mkutano Nuu uliowahi kufunguliwa bila yeye, akainuka na fimbo yake.

"Andika," akasema. "Punda wangu wa kike amepotea tangu wiki iliyopita. Ana masikio marefu."

"Susu, hatukutoka redio," Daktari akasema kwa upole.

"Mmetoka wapi basi?"

"Chuo kikuu. Tunaandika sheria ya redio."

"Ni vizuri. Sasa punda mtamtangaza lini?"

Wote walikuwa wameleta matangazo. Waliokuwa na misiba walileta misiba, majina ya marehemu na ya watoto wake walioko Mombasa wajulishwe. Waliokuwa na harambee walileta harambee. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alileta salamu, na orodha ya wanaosalimiwa ilikuwa ndefu kuliko kitabu cha Mambo ya Walawi. Daktari alikuwa ameshafunga mkoba. Profesa ndiye aliyeniambia, "Wasomee." Nikapanda kwenye benchi, nikaweka mkono sikioni kama nimevaa hedifoni, nikasoma matangazo yote kwa sauti ya mtangazaji. Wacha nikwambie, nilisoma vizuri hadi marehemu wenyewe wangeridhika. Watu walinyamaza wakitazama dari, kila mmoja akisubiri jina lake, na lilipofika akateremsha macho polepole. Punda akasomwa na masikio yake. Nje kulikuwa kweupe kabisa, kweupe kwa kiangazi, na nikahisi sauti yangu inatoka mlangoni inakwenda juu ya vilima vyote vya Mwingi bila mtu wa kuizuia.

Kwenye gari, tukirudi, Profesa alisema, "Umeona, Kinyua. Hakuna aliyeleta tangazo kwa Kiingereza. Nuu wamechagua lugha."

"Nuu wameleta punda," Daktari akasema. "Hakuna aliyesema neno juu ya sheria. Ukiandika kwamba wamechagua kifungu chako, Prof, umewawekea maneno mdomoni. Na redio inayowawekea watu maneno mdomoni ndiyo tunayoipiga marufuku."

Wiki mbili nyumba ilikuwa kimya hadi mbaazi zikaogopa kuchemka. Nilipika chapati nene kama magodoro kuwapatanisha, wakazila kila mtu akitazama kwake. Profesa alikuwa ameandika ukurasa unaosema kwamba Nuu wanataka lugha, na ukurasa huo ulikaa mezani chini ya jiwe, na kila nilipopita kufagia niliona amebadilisha neno moja, halafu amelirudisha. Nadhani ndizo siku nilizojifunza kitu cha kwanza cha kweli kuhusu wasomi: kwamba mtu anaweza kujua vizuri kabisa analolitaka, awe na kalamu mkononi na pasiwe na mtu wa kumzuia, na bado akashindwa kuandika. Mchana mmoja, vumbi la unga likiwa limemtulia kwenye kope kama umande wa alfajiri, aliutoa ule ukurasa chini ya jiwe akaukunja.

"Kinyua. Washa gari."

"Twende wapi?"

"Twende tukawaulize vizuri."

Safari hii hatukumtumia mchungaji kutangaza. Tulipita wenyewe nyumba kwa nyumba, tukaeleza, tukanywa chai iliyoweza kujaza bwawa. Siku ya mkutano Profesa alijaribu mwenyewe kwa Kikamba, kile Kikamba chake cha mtu aliyeishi Nairobi muda mrefu, na alipokwama nikamshika mkono. Alieleza vifungu vyote viwili bila kupendelea. Nilikuwa pale, nilikuwa natafsiri, na naapa kwamba cha Daktari alikieleza vizuri kuliko Daktari. Halafu akasema wanaotaka lugha wasimame upande wa dirisha, na wanaotaka mkubwa wa redio asiguswe na waziri wasimame upande wa mlango.

Hakuna aliyesogea.

"Mimi nina swali," kijana mmoja fundi wa baiskeli akasema. "Huyo msomaji wa Kikamba atachaguliwa na nani? Kwa sababu akichaguliwa na mheshimiwa wetu, atakuwa binamu yake. Na sisi nyumba yetu hatukumpigia mheshimiwa kura. Msiba wetu hautasomwa."

"Basi nenda mlangoni," mwingine akamwambia.

"Nikienda mlangoni, halafu msomaji awe huru lakini anaongea Kiingereza? Mama yangu atajuaje nimekufa?"

"Wewe hata ukifa tutasikia harufu," wakamwambia, na kanisa likacheka. Lakini hawakusogea. Wakabishana wenyewe kwa wenyewe hadi jua likahama madirisha ya upande mmoja likaingia ya upande wa pili, na mimi nikaacha kutafsiri kwa sababu hakuna aliyekuwa anasema na sisi.

"Mwaitu," Susu Kavata akamwita Profesa mwishowe, yaani mama, kwa heshima, ingawa alikuwa na umri wa kumzaa. "Kwani hiyo sheria yenu ni nyembamba kiasi gani, haiwezi kubeba viwili?"

Profesa akaeleza. Nairobi wamekataa viwili. Wakichagua lugha peke yake, yeye anaweza kuipitisha. Anawajua watu wa kamati, ameshaongea nao. Wakishikilia vyote, vinaweza kuanguka vyote, na redio itabaki ilivyo, na wao watabaki walivyo. Alisema hivyo mara tatu kwa njia tatu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na nikitafsiri yangu ikashuka nayo. Hakuwa anawafundisha tena. Alikuwa anawaomba. Nilimtazama Daktari, ambaye angeweza kusema neno la kujitetea, akawa anatazama viatu vyake.

Watu wa Nuu walimsikiliza hadi akamaliza. Wakabaki katikati ya kanisa, si dirishani, si mlangoni.

Tulirudi bila redio ya gari. Karibu na Mwingi Profesa akasema, "Andika vyote viwili, Kinyua. Uviunge. Kimoja kisipite bila kingine."

"Tutapoteza vyote."

"Najua."

"Cha kwako kilikuwa kinapita, Prof. Mimi ningekubali. Leo asubuhi nilikuwa nimeshakubali."

"Najua hilo pia," akasema, akafunga macho, na sijui kama alilala.

Nitaruka mbele kidogo, kwa sababu mtu anaweza kuniuliza ilikuwaje mwishowe. Baada ya miaka, kipande cha maneno yao kiliingia kwenye rasimu ya watu wengine, kingine kikaingia kwenye kanuni fulani, kingine kiko bado njiani. Daktari hufundisha kifungu kile cha pamoja kila mwaka, na anasema wanafunzi hugawanyika, na yeye huwaacha wagawanyike. Sheria za redio ya umma hazina mtu mmoja aliyezizaa. Zimepikwa na wengi, na ukionja huwezi kusema chumvi hii ni ya nani. Mimi nasema theluthi ni yangu. Hivyo ndivyo ilivyo ukiwa mbali. Ukiwa ndani ya mwaka wenyewe, mwisho ulikuwa simu.

Ilikuja mchana, kinu kikiwa kimezimwa kwa kukosa stima. Siku hiyo Profesa ndiye aliyekuwa anasukuma chapati, amekunja mikono ya blauzi hadi viwiko. Alishika simu kwa vidole viwili kwa sababu ya unga. Alisema "ndiyo" kama mara nne, "nimeelewa" mara moja, na "asante" mara moja. Akaiweka dirishani kando ya redio. Akasukuma chapati iliyokuwa mbele yake hadi ikawa duara kamili, akaiweka kwenye kikaango.

"Wamekataa vyote," akasema.

Daktari alivua miwani. Mimi nilishika kitambaa nisijue nifute nini. Tulikula zile chapati, na zilikuwa nzuri, ndilo jambo ambalo hadi leo hunishangaza. Tulipomaliza alinawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akauliza kama gari lina mafuta. Daktari akasema mafuta ya kurudi Nairobi yapo. Profesa akasema hakuuliza ya Nairobi.

Mvua ilikuwa imeshanyesha upande wa Nuu. Vilima vilivyokuwa vyeupe sasa vilikuwa kijani cha kutia aibu, na barabara ilinuka ardhi iliyoamka. Tulikuta wanawake kanisani wakipanga mambo ya harusi ya mtu, Susu Kavata katikati, na wanaume wachache nje wakitengeneza mzinga wa nyuki. Waliingia walipotuona. Profesa hakusimama mbele kwenye madhabahu. Alisimama pale pale alipoingilia, na alisema mwenyewe, kwa maneno machache ambayo nadhani alikuwa ameyapanga njia nzima.

"Tulipeleka mliyosema. Yamekataliwa."

"Yote?" fundi wa baiskeli akauliza.

"Yote."

"Uliwaambia ni sisi tuliosema?"

"Niliwaambia. Niliandika Nuu, na niliandika kwamba niliwaomba mchague kimoja mkakataa."

Nilisubiri mtu amlaumu, maana alikuwa amewaonya mara tatu, na mtu aliyeonya naye hulaumiwa. Susu Kavata alimtazama kuanzia viatu vyenye matope hadi kichwani.

"Umetoka huko kote kuja kutuambia hapana."

"Ndiyo, susu."

"Wengine hata ndiyo hawaleti."

Akasogea kwenye benchi, akawasukuma wenzake kwa kiuno, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja. Akaipigapiga kwa kiganja.

"Kaa," akasema. "Tuambie walisema nini, tupate kuwajibu."